Macho makavu: homiopathi, machozi ya bandia au kukanda? Tulinganishe

Ukopesafi (mleta mada)
Wakuu, uzi huu ni wa ulinganisho. Dalili ni zile zile: macho yanachoma, unahisi kama kuna mchanga ndani, jioni mbele ya kompyuta uoni unapata ukungu hadi upepese. Mezani kuna njia tatu: vidonge na matone ya homiopathi, yaani tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno (Euphrasia, Alumina, Natrum muriaticum), machozi ya bandia ya duka la dawa, na kukanda kope kwa kitambaa chenye joto pamoja na kuzisafisha. Naomba hoja zenye vipimo, si "jaribu tu mkuu".

Dawa_na_Dozi
Someni namba iliyo kwenye kichupa kwanza. 6X maana yake mmea, mfano Euphrasia, umezimuliwa moja kwa kumi, na hatua hiyo imerudiwa mara sita: sehemu moja katika milioni. 30C ni kuzimua moja kwa mia, hatua hiyo mara thelathini, yaani sehemu moja katika namba ya moja ikifuatwa na sifuri 60. Ukishavuka 12C, kwa hesabu ya kemia huna tarajio la kukuta hata molekuli moja ya Euphrasia. Kinachobaki kwenye kidonge ni sukari. Baraza la taifa la utafiti wa afya na tiba la Australia lilipitia ushahidi wote mwaka 2015, halikupata ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathi inautibu.

Matone ni habari nyingine. Unafuu unaosikika ni wa kimiminika chenyewe kulowanisha jicho, na unaisha baada ya dakika chache. Hatari pia ipo: dawa ya kumeza inakutana na asidi ya tumbo na ini, ya jichoni inaruka ulinzi huo. Ndiyo maana Septemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizionya kampuni nane juu ya matone ya macho yasiyoidhinishwa, yakiwemo ya homiopathi. Baadhi yalitiwa madini ya fedha kama kihifadhi (cha kuzuia vijidudu), na fedha ikitumika muda mrefu inaweza kuacha rangi ya kijivu kwenye ngozi na macho.

Mpima_Macho
Kabla ya kuchagua dawa, jueni ni ukavu upi. Utando wa machozi una ute chini, maji katikati, mafuta juu. Mafuta yanatoka kwenye tezi za meibomi zilizojipanga ukingoni mwa kope, na kwa wagonjwa wengi hizo ndizo zilizoziba. Maji yapo, ila yanakauka upesi mno. Hapo jicho linashtuka na kumwaga machozi mepesi, mtu anasema "macho yangu hayawezi kuwa makavu, yanalia kutwa". Yanalia kwa sababu ni makavu.

Kliniki tunatia rangi ya fluoresini na kuhesabu sekunde hadi utando upasuke. Chini ya 10, hautulii. Kijikaratasi cha Schirmer, cha kupimia machozi, kikikaa kwenye kope ya chini dakika 5 na kulowana milimita 5 au pungufu, uhaba wa maji ni mkubwa. Tukiona hivyo, tunauliza pia kuhusu kinywa kikavu na viungo vinavyouma, maana chanzo kinaweza kuwa ugonjwa wa mwili mzima.

Mitishamba_Salama
Mnawaonea watu wa homiopathi. Mtu akiweka vidonge vya Euphrasia chini ya ulimi huku anakanda na kupunguza skrini, kadhurika nini?

Dawa_na_Dozi
Kwa vidonge, mfuko tu ndugu yangu. Shida ni mtu kubaki navyo wakati jicho linauma sana, limekuwa jekundu upande mmoja, mwanga unamchoma au uoni umeshuka. Huyo anahitaji daktari wa macho siku hiyo hiyo. Shida ya pili ni kuhama kutoka kidonge hadi kuchemsha majani na kuoshea macho. Kuna wanaotia asali, kuna wanaotia maziwa ya mama. Hakuna hata kimoja kisicho na vijidudu, na kidonda cha konea (kioo cha mbele cha jicho) kinaacha kovu la kudumu.

Mitishamba_Salama
Hilo la kuosha nakubali. Vidonge nabaki na msimamo wangu.

Mpima_Macho
Sasa kukanda, maana wengi wanakosea hapa. Joto linalotakiwa ni nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Kitambaa kimoja kinapoa ndani ya dakika mbili hivi, kwa hiyo dakika zinazobaki unajiwekea kitambaa baridi tu na mafuta hayayeyuki. Tumia vitambaa viwili vya kubadilishana na chupa ya chai yenye maji moto pembeni. Jaribu joto ndani ya kifundo cha mkono kabla ya kuweka.

Ukimaliza, macho yakiwa yamefumbwa, pitisha kidole safi: kope ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu, daima kuelekea kwenye nywele za kope. Usikandamize mboni. Kisha futa ukingo kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Matokeo hesabu kwa wiki, si siku. Anayeacha siku ya nne hajajaribu.

Dawa_na_Dozi
Machozi ya bandia: ya kawaida ni hipromelosi 0.3% au kaboksimethiliselulosi 0.5%, na sodiamu hayaluroneti 0.1 hadi 0.2%. Tone moja latosha, la pili linamwagikia shavuni. Ukiwa na dawa mbili za jicho, achanisha dakika 5. Ukidondosha zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, kwani kihifadhi cha kawaida, benzalkoniamu kloridi, chenyewe kinachubua uso wa jicho. Chupa yenye kihifadhi kwa kawaida hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Andika tarehe juu yake.

Mbili za kukwepa: matone ya "kung'arisha macho", ambayo wekundu hurudi ukiyaacha, na matone yenye deksamethasoni (dawa ya steroidi) yanayouzwa bila kipimo. Haya ya pili yanapandisha shinikizo la jicho kimyakimya, na mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haurudi.

Ukopesafi
Na vidonge vya mafuta ya samaki?

Dawa_na_Dozi
Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2018 uliwapa watu miligramu 3000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima, wenzao wakapewa mafuta ya zeituni. Hakukuwa na tofauti ya maana. Kula dagaa kwa sababu ni chakula kizuri.

Mpima_Macho
Mtoto mdogo asiyeona vizuri giza likiingia, au mwenye mabaka kama povu kwenye weupe wa jicho, msimpe lolote kati ya haya. Ni upungufu wa vitamini A. Mpelekeni kituo cha afya: mwenye zaidi ya mwaka mmoja hupewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kwanza, ya pili, na tena wiki mbili baadaye.

Ukopesafi
Feni ya usiku je? Dar bila feni hakulaliki.

Mpima_Macho
Igeuze ipige miguuni. Anayeamka macho yakiwa makavu kuliko alivyolala, mwenzake amwangalie usingizini kama kope zinafunga kabisa. Zikibaki wazi kidogo, apake marhamu ya kulainisha macho, uzi wa nusu sentimita ndani ya kope ya chini, taa ikiwa tayari imezimwa maana uoni utakuwa na ukungu. Na anayetumia setirizini (dawa ya mzio) au amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu) amwambie daktari wake. Zote mbili hukausha macho, ila asiache dawa mwenyewe.