Naomba ushauri: kifaa cha kuiga amplifaya kwa mpiga gitaa wa hotelini

Assalaam aleikum ndugu wanamuziki. Hupiga gitaa katika hoteli za Nungwi na Kiwengwa, Unguja, na kwa kuwa husafiri kwa daladala kutoka mjini, nimechoka kubeba amplifaya nzito ambayo hewa ya chumvi imeshaanza kuila. Nakusudia kununua kifaa cha kidijitali cha kuiga amplifaya, yaani kinachofanya gitaa lisikike kana kwamba limepitia amplifaya halisi, nami nimebaki kati ya Boss GT-1, ambayo hukubali betri nne za AA na ina pedali yake ya mguu, na Line 6 HX Stomp, ambayo naipenda zaidi kwa sauti lakini haifanyi kazi bila adapta yake ya volti 9 na ampea 3 (ingawa umeme ukikatika, hata spika za hoteli hunyamaza).

Niliwahi kuazima kifaa cha aina nyingine nikakiunga moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti). Kwenye hedifoni kilipendeza mno, lakini ukumbini sauti ilikuwa kali kama nyuki ndani ya kopo, hata nilipowasha uigaji wa spika (unaoifanya sauti isikike kama imetoka kwenye spika ya gitaa) na kupunguza sauti nyembamba.

Je, kasoro hiyo hutokana na mipangilio niliyoifanya kwa hedifoni, au nahitaji spika yangu mwenyewe ya kujisikilizia? Na kwa aliyevitumia vifaa hivi viwili pwani, kipi kimestahimili unyevu?