Uvumilivu mnao, ila mmeupeleka wote Uingereza: malalamiko yangu kwa "mashabiki" wa Kakamega na Kisumu

Wanajukwaa, naanzisha uzi huu nikiwa na hasira na sitajitia upole ambao sina. Sisi wachache tunaokwenda uwanja wa Bukhungu kuitazama Kakamega Homeboyz, timu yetu ya Ligi Kuu ya Kenya, tumeambiwa mara nyingi mno kwamba hatujui soka, kwamba tunapoteza jioni zetu kwa mpira wa mchangani, na kwamba shabiki wa kweli ni yule anayeweza kukutajia kikosi cha Arsenal cha 2004 kuanzia kipa hadi mchezaji wa akiba bila kusita. Wanaotupa somo hilo ni watu wanaoweza kufika uwanjani kwa miguu, ambao hawajawahi kulipia mechi ya ligi ila siku ambayo mji mzima unakwenda. Nimenyamaza vya kutosha.

Kila ninapowauliza sababu ya kutofika, jibu huwa lile lile: klabu zetu hazina mafanikio, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kulipa ili akatazame timu yake ikifungwa. Hoja hiyo ningeiheshimu kama ingetoka kwa watu wasioweza kustahimili kufungwa. Lakini watu hawa hawa waliingoja Arsenal kwa zaidi ya miaka 20 baada ya ule ubingwa wa ligi wa msimu wa 2003/04, wakachekwa kila Mei, na kila Agosti wakarudi na jezi mpya na ahadi kwamba safari hii ndiyo yenyewe. Wenzao wa Manchester United walianza msiba wao 2013, Alex Ferguson alipostaafu, na msimu wa 2024/25 timu yao ikamaliza katika nafasi ya 15 miongoni mwa timu 20, lakini sijaona hata mmoja wao aliyeivua jezi nyekundu na kuifanya tambara la kupangusia pikipiki. Basi msiniambie kwamba hamwezi kuvumilia. Mnaweza, tena kwa kiwango ambacho kingewashangaza hata Waingereza wenyewe. Kinachonikera ni kwamba uvumilivu huo wote mmeupeleka ng'ambo, kwa klabu ambayo haitajua kamwe kama mlikuwepo au hamkuwepo, na hapa nyumbani hamkubakiza hata wa mechi moja.

Tuwatazame hao wanaojiita wana wa Ingwe, yaani AFC Leopards, kwa damu. Sina ugomvi na wale walioshikamana na AFC Leopards iliposhuka daraja na waliokuwa nayo iliporejea Ligi Kuu mwaka wa 2009. Hao nawavulia kofia, na wengine wao nawaona kila mwaka wakishuka kwenye matatu na ngoma zao za isikuti, wamechoka na safari, lakini wako tayari kuimba hadi filimbi ya mwisho. Ugomvi wangu ni na wale wanaojitokeza siku hiyo moja tu, Leopards wanapokuja Kakamega, wamevaa jezi ya kuazima, wakajaza jukwaa letu na kutuuliza sisi wenyeji ni kwa nini tunashabikia "klabu ya jana" ilhali klabu ya babu zetu ipo. Nami huwauliza: klabu hiyo ya babu zenu ilichukua ubingwa wa ligi mara ya mwisho 1998, je, katika miaka yote iliyofuata mmeilipia mechi ngapi? Hapo utasikia habari za babu, za Abaluhya United ya 1964, za vikombe vya Afrika Mashariki na Kati vya 1982, 1983 na 1984 vilivyotwaliwa mfululizo, mambo ambayo ni kweli na ni ya fahari, lakini yaliyofanywa na watu wengine na kushangiliwa na watu wengine. Ushabiki wa kurithi ni mwanzo mzuri, ila urithi usiotunzwa hugeuka kuwa majivuno matupu.

Upande wa Kisumu nao wasicheke. Gor Mahia ilikaa bila ubingwa kuanzia 1995 hadi 2013, miaka 18, na wapo wazee ambao katika kipindi hicho chote hawakuhama. Baada ya 2013 ubingwa ulipoanza kumiminika, na 2015 timu ikamaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja, ghafla kila mtu alikuwa shabiki wa tangu utotoni na kila mtu alikuwa na simulizi ya fainali ya Kombe la Washindi la Afrika ya 1987 dhidi ya Espérance ya Tunisia, ile ya sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi iliyoleta kombe nyumbani kwa mabao ya ugenini. Ukiwahesabu wote wanaodai walikuwa uwanja wa Kasarani siku ile, hata viwanja vitatu visingewatosha. (Wengine ukiwauliza mwaka wa kuzaliwa, unagundua kwamba walitazama mechi hiyo wakiwa tumboni.)

Sisi wa Homeboyz tumeyaona hayo kwa macho yetu. Msimu wa 2021/22 timu yetu iliongoza mbio za ubingwa kwa muda mrefu na ikamaliza na pointi 63, sawa na Tusker, tukalikosa taji kwa tofauti ya mabao tu. Majira hayo Bukhungu ilikuwa na watu, na jirani zangu ambao walikuwa hawajui hata rangi za klabu walianza kunieleza mbinu ambazo kocha alipaswa kuzitumia. Taji lilipokwenda Ruaraka, nyumbani kwa Tusker, walikwenda nalo. Waliibuka tena kidogo mwaka wa 2023 tulipochukua Kombe la FKF, lile la shirikisho la soka la Kenya, wakapiga picha, wakatoweka. Waswahili huwaita watu wa namna hii bendera fuata upepo, nami nasema bendera ina heshima kuliko wao, kwa sababu angalau hubaki kwenye mlingoti wake hata upepo ukitulia.

Sasa nije kwenye kisingizio kinachoniudhi kuliko vyote, kile cha kiwango duni cha ligi yetu. Agosti 2025 nchi nzima ilikuwa Kasarani, kwa mwili au kwa roho, katika mashindano ya CHAN. Watu waligombania tiketi hadi kukawa na vurugu langoni, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaingilia kati na kupunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa. Tuliifunga DR Congo 1-0, tukatoka sare ya 1-1 na Angola, tukaifunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0, kisha Madagascar ikatutoa kwa penalti katika robo fainali. Nyote mlilia, nami nililia. Lakini je, mnajua CHAN ni mashindano ya nani? Ni ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao pekee. Yule Austin Odhiambo aliyewafunga DR Congo alikuwa wa Gor Mahia, na Ryan Ogam aliyewaliza Morocco na Zambia alikuwa wa Tusker. Ni wachezaji wa hiyo hiyo ligi mnayoiita ya mchangani, ambao mngewaona Moi Stadium ya Kisumu au Bukhungu kwa bei ambayo mara nyingi haizidi shilingi 200. Kiwango kilichowatoa machozi Agosti kiligeukaje kuwa duni Septemba? Tena mwanzoni mwa Septemba hiyo hiyo Gambia ilipotufunga 3-1 Kasarani katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, waliokuwa wakiwaita wachezaji "vijana wetu" wiki chache kabla walikuwa wa kwanza kuwatukana mitandaoni kwa majina ya mama zao. Hilo nalo nimelizoea: mtu asiyelipa ndiye mwenye matusi mengi.

Kuhusu muda, mechi zetu nyingi huanza saa tisa alasiri. Zile za Uingereza za Jumamosi, nyingi zake kwa saa za huku huanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kutegemea majira. Mtu anaweza kutoka Bukhungu, akanunua mahindi ya kuchoma njiani, na bado akapata kiti katika ukumbi wa video. Kuhusu fedha, ninajua maisha ni magumu, na mtu ambaye kwa kweli hana simlaumu hata kidogo. Wako wagonjwa, wako walinzi wa usiku, wako walio mbali wanaofuatilia matokeo kwa redio, na wengi wao wana haki ya kuitwa mashabiki kuliko mimi. Ninayemlaumu ni yule asiye na shilingi 200 ya tiketi lakini ambaye kila Jumamosi ana mkeka wa kamari wa mechi kumi, na ambaye uaminifu wake kwa Arsenal hukatika pale anapoona kwamba sare ndiyo itakayomlipa. Ninamlaumu pia yule mwenye kazi na gari anayemnong'oneza mtu wa mlangoni ili aingie bure, kisha ndani ya uwanja anauliza kwa sauti kubwa kwa nini wachezaji hawajalipwa mishahara.

Kwa maana mapato ya mlangoni si jambo la mzaha. Klabu za Uingereza zina fedha za televisheni zinazoingia hata kama Kakamega nzima italala saa moja jioni. Ligi yetu wafadhili wake huja na kuondoka: SuperSport walijitoa 2017, SportPesa 2019, BetKing wakaja 2020 na kufikia 2021 walikwisha kwenda. Mfadhili akiondoka, kinachobaki ni watu na tiketi zao. Kumbukeni SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya mwaka wa 2006, walivyoondolewa Ligi Kuu mwaka wa 2019 baada ya kushindwa kufika katika mechi tatu. Timu iliyowahi kuwashinda Gor na Leopards katika mbio za ubingwa ilifutwa kwa umaskini, na katika vijiwe vya ukanda huu wote mjadala wa wiki ile ulikuwa kama kocha Unai Emery atafukuzwa Arsenal.

Nitaongeza jambo moja kwa wapenzi wa soka wa Vihiga, wanaojisifu kwamba damu yao ni mpira. Vihiga Queens walikuwa mabingwa wa ukanda wetu mwaka wa 2021 na wakacheza Misri katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake ilipoanzishwa. Ni wangapi kati yenu mliofika uwanja wa Mumboha kuwatazama kabla au baada ya hapo?

Anayetaka kuona inavyofanyika aende Kisii. Shabana ilishuka 2006 na haikurudi Ligi Kuu hadi 2023, miaka 17, na katika ligi za chini, kwenye viwanja visivyo na hata kamera moja, watu wake waliendelea kuifuata nyumbani na ugenini. Huniambii kwamba Wakisii wana fedha nyingi kutuzidi au kwamba walikuwa wakishinda kila wiki.

Najua mtakuja na majibu. Wengine watasema viongozi wa klabu ni walaji, na hapo sitawapinga, ila mwenye haki ya kudai hesabu ni yule aliyechangia, na mimi mwenyewe nimewapigia kelele viongozi wa klabu yangu kutoka jukwaani, nikiwa na kipande cha tiketi mfukoni. Wengine watasema viwanja si salama kwa wanawake na watoto. Hilo ni kweli katika mechi kubwa, zile ambazo ninyi mnafika, wala si katika mechi ya Jumatano dhidi ya Bidco ambayo unaweza kuisikia sauti ya kocha kutoka upande wa pili.

Kwa hiyo atakayejibu uzi huu naomba aanze kwa kutaja mechi ya mwisho ya ligi aliyoilipia mlangoni, uwanja ulikuwa upi na matokeo yalikuwa nini. Debi ya Mashemeji, ile ya Gor na Leopards, haihesabiwi, wala CHAN. Asiyekuwa na ya kutaja, sitamjibu.