Damu ya mama imejitenga na maji ya manjano, karatasi inasema 9.1. Maana yake nini?

Mwana wa Chumbageni:

Habari zenu jamani. Naombeni mnieleweshe, maana nyumbani kwetu hakulaliki.

Mama yangu ana miaka 61, tunakaa Chumbageni hapa Tanga. Tangu Idi amekuwa mtu wa kuchoka. Akipanda ngazi kwa dada yangu anasimama katikati, anashika ukuta, moyo unampiga kama ametoka kufukuzwa. Jumatatu nikampeleka hospitali, akatolewa damu ikatiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Mashine ilikuwa na foleni. Nilikaa karibu na dirisha la maabara nikawa nakikodolea macho kile kichupa, kwa kuwa kilikuwa na jina la mama. Baada ya kama saa nzima naona chini kumebaki nyekundu nzito, juu kumepanda maji ya manjano kama mafuta ya kula! Nikamwuliza kijana wa maabara, akanijibu "kawaida hiyo", akaendelea na shughuli zake.

Majibu yakaja: Hb 9.1. Kaka anasema hizo ni lita 9 na zinatakiwa 12, kwa hiyo lita 3 zimepotea. Jirani anasema damu imegeuka maji. Tumepewa vidonge vya kuongeza damu, tumwone daktari Ijumaa. Yale maji ni nini? Hizo lita zimekwenda wapi? Na kaka akamtolee mama damu?

Kipanga wa Pongwe:

Pole dada. Wala usihangaike, tafuta rozela kavu, chemsha, anywe glasi asubuhi na jioni. Mke wangu alipojifungua nilimpa wiki mbili akang'aa. Rozela ikikosekana, bitiruti. Chekundu huongeza chekundu.

Mzee Darubini:

Kipanga ndugu yangu, kwa kanuni yako hiyo sisi tuliolelewa kwa mchicha tungekuwa na damu ya kijani.

Binti, nimefanya kazi ya maabara miaka 31, sasa nimestaafu nafuga kuku. Yule kijana alikujibu kweli ila alikunyima utamu. Umewahi kuchuja tui ukaliacha kwenye bakuli? Zito linapanda juu, maji yanabaki chini. Damu hufanya kinyume: seli ni nzito, zinazama, maji yanabaki juu. Kile kichupa cha zambarau kina dawa ya kuzuia isigande, ndiyo maana ilitulia ikajipanga yenyewe.

Hayo ya manjano ndiyo plazima. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama asilimia 55 ya damu yote, na asilimia 90 hivi ya plazima ni maji. Lakini hicho kidogo kilichoyeyuka humo kina kazi nyingi. Kuna albumini inayozuia maji yasitoke ovyo kwenye mishipa, kuna fibrinojeni ya kugandisha damu, kuna kingamwili, sukari, chumvi, homoni, na uchafu unaopelekwa kwenye figo. Hata kidonge alichomeza mama kinasafiri humo. Mtu akila wali wa nazi akaja kupimwa saa chache baadaye, plazima yake huweza kuwa na ukungu mweupe. Sisi tuliwajua waliotoka shughulini kabla hawajatwambia.

Ungesogea karibu ungeona katikati utando mwembamba wa kijivu, haufiki hata asilimia 1. Humo ndimo zilimo seli nyeupe zinazopambana na maradhi, na chembe sahani zinazokimbilia kuziba unapojikata na mbuzi ya nazi.

Sasa nyekundu, ndiko iliko shida ya mama. 9.1 si lita! Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mwenye 12 labda nyangumi. Hizo ni gramu za hemoglobini katika kila mililita 100 za damu. Hemoglobini ni protini yenye chuma, imejaa ndani ya seli nyekundu, nayo ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Kwa mwanamke kama mama yako tunataka 12 kwenda juu. Kwa hiyo lita zake huenda ni zilezile, kilichopungua ni wabebaji, na nafasi yao imejazwa na plazima. Jirani yako hakukosea sana. Chukulia daladala za Sahare zimepungua na abiria ni walewale: zilizobaki itabidi zipige tripu nyingi. Ndiyo maana moyo unamwenda mbio kwenye ngazi.

Zimekwenda wapi? Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa hutengeneza mpya zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Chuma cha zilizokufa hakitupwi, hutumika tena. Kwa hiyo mwanamke aliyekoma hedhi haishiwi chuma hivihivi. Huenda ni malaria, huenda ni safura, huenda kuna mahali panavuja. Nijibu haya: magoti yanamsumbua? Anameza dawa gani za maumivu? Na choo chake kilikuwaje *kabla* ya kuanza vidonge? Nasema kabla, kwa sababu vidonge vya chuma vyenyewe hukigeuza kuwa cheusi.

Kaka asiwe na haraka. Mgonjwa aliyetulia mwenye 9.1 kwa kawaida haongezewi damu, na chupa moja hupandisha kama 1 tu. Akitaka kuchangia aende tu, wenye kuihitaji wapo.

Na rozela mpeni, ina vitamini C, inasaidia chuma cha tembele kuingia mwilini. Mwizi ni chai ya rangi anayoshushia chakula. Isubiri saa moja au mbili.

Mwana wa Chumbageni:

Shikamoo babu. Umenitoa jasho. Magoti yanamsumbua tangu mwaka jana, anameza diklofena za dukani, siku nyingine hajatia kitu tumboni. La choo nilipomwuliza akasema nimekosa adabu, nikamtuma dada. Kamwambia ni cheusi kama lami, kinanata, tangu mwezi uliopita. Vidonge kaanza juzi.

Mzee Darubini:

Marahaba mwanangu. Ijumaa ni mbali, mpeleke kesho asubuhi. Diklofena asimeze hata moja zaidi. Zinaweza kuchuna tumbo likavuja damu kidogo kidogo bila maumivu yoyote. Mwambieni daktari mambo matatu mkiingia tu, msingoje kuulizwa: diklofena tangu mwaka jana, choo cheusi tangu mwezi uliopita, Hb 9.1. Usiku huu akizimia, akitoka jasho la baridi au akitapika damu, msingoje kuche.

Kipanga wa Pongwe:

Mzee nimekusoma. Mimi mwenyewe natumia hizo diklofena za mgongo. Nimeziweka kando kwanza.

Mwana wa Chumbageni:

Tunaondoka kesho saa moja, kaka kapata bajaji. Mama amekubali ila ana sharti. Anauliza kile kichupa cha Jumatatu walikipeleka wapi, hataki damu yake izagae mjini mikononi mwa watu.

Mzee Darubini:

Anaujua mji wake. Mwambie hukaa kwenye friji muda mfupi kama itahitajika kurudia kipimo, kisha huenda na taka za hatari kwenye tanuri la kuchomea. Miaka 31 alikuja mtu mmoja tu kuniomba vichupa, naye alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwenye kazi ya baiolojia. Nilimpa vitupu.