Fidia ya ajali ya binti yetu iko njiani, baba yake anataka kununua bajaji

Fundi wa Mbagala:

Wanajamvi, salaam. Naomba mawazo, hasa kwa wanaojua sheria na waliowahi kushika fedha ya fidia ya mtoto.

Binti yetu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Mwaka jana aligongwa na daladala akivuka Barabara ya Kilwa pale Rangi Tatu, anatoka madrasa. Paja la kushoto lilivunjika karibu na goti. Alilazwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, akawekewa vyuma, na sasa anatembea, ila anachechemea na akicheza sana usiku halali kwa maumivu. Daktari alitueleza kwamba ufa ulipita sehemu ambayo mfupa unakulia, kwa hiyo afuatiliwe mpaka amalize kurefuka, maana mguu ule unaweza kubaki mfupi kuliko mwenzake na kuhitaji upasuaji mwingine ukubwani.

Bima ya lile gari wamekubali kulipa. Wametaja milioni 23. Baba yake ndiye aliyehangaika na mafaili tangu PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, hadi ripoti ya hospitali, na kwa hilo namshukuru mbele ya kila mtu, kazi zake zililala. Wametupa fomu ya kusaini kwamba tumeridhika na hatutadai tena, na wanataka namba ya akaunti. Yeye anataka iandikwe ya kwake.

Mpango wake ni bajaji mpya, kitakachobaki kiwe kiwanja Vikindu. Anasema bajaji italeta hesabu, yaani fedha anayoleta dereva, kila siku na itamsomesha mtoto, wakati pesa ikilala benki inapungua nguvu. Wifi naye ameshaleta habari za kiwanja cha jirani yake. Fedha bado haijaingia, na tayari kila ndugu anajua itafanya nini.

Simsemi vibaya mume wangu, ni baba mzuri. Lakini mtoto anasoma shule ya serikali, ada hailipwi. Anachodaiwa na maisha ni mguu. Nikimwambia hivyo ananijibu, "Mimi ni baba yake, cha mtoto ni changu na changu ni cha mtoto," na mazungumzo yanaishia hapo.

Nauliza: kisheria fedha hii ni ya nani? Ipo njia ya kuiweka ambapo mimi na yeye hatuwezi kuigusa ila kwa matibabu yake? Na nianzeje kumwambia bila nyumba kuwaka moto? Nawasilisha.

Karani Mstaafu:

Dada, pole, na mpe pole binti. Nimefanya kazi masjala ya mahakama hapa Dar mpaka nilipostaafu, mashauri ya ajali yamepita mikononi mwangu mengi.

Fedha ni ya mtoto. Aliyevunjika paja ni yeye, maumivu ni yake, na mguu utakaobaki mfupi ni wake. Nyinyi wazazi mnashika kwa niaba yake mpaka atimize miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kila uamuzi unaomhusu mtoto utangulize maslahi yake, na mimi sioni namna bajaji inavyotangulizwa mbele ya mfupa.

Angalia mahakama inavyofanya, upate picha. Shauri la mtoto linafunguliwa na mtu mzima anayesimama kwa niaba yake. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya 31, inasema mtu huyo, hata akiwa baba mzazi, hapokei fedha ya hukumu wala haingii makubaliano kwa niaba ya mtoto bila ruhusa ya mahakama. Hakimu anaweza kuagiza fedha iwekwe benki, itolewe kidogokidogo kwa sababu zinazoeleweka. Nyinyi mnamalizana na bima mezani, hakuna hakimu katikati, ndiyo maana hakuna aliyewauliza fedha itakaa wapi. Kinga hiyo itabidi muiweke wenyewe.

Sasa yangu mawili, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike.

La kwanza, msisaini bado. Rudini kwa daktari wa mifupa awaandikie kwa maneno wazi: ukuaji wa mfupa ukoje, upasuaji gani unaweza kuhitajika, mpaka umri gani. Hiyo milioni 23 ilikadiriwa kwa mguu uliovunjika ukaunga. Mguu unaoweza kubaki nyuma ni dai jingine kabisa, na mkishasaini kwamba hamtadai tena mlango umefungwa. Wala msikubali kukimbizwa. Dai la madhara ya ajali lina ukomo wa miaka 3, lakini kwa mtoto miaka hiyo haianzi kuhesabiwa mpaka atimize 18. Hata hivyo msilale, ushahidi unazeeka.

La pili linamhusu baba. Gharama za hospitali, nauli, dawa, siku ambazo hakufanya kazi: hizo ni zake na zako, si za mtoto. Waambieni bima waziandike kando na fidia ya mtoto. Nimeona nyumba nyingi zikigombana kwa sababu kila kitu kiliandikwa fungu moja, na baba aliyehangaika akaona hana lake. Mwanaume huyo hajataka kumnyang'anya mwanawe. Anataka jasho lake litambuliwe, na anayo haki. Anzia hapo ukiongea naye, usianzie kwenye bajaji.

Bajaji Temeke:

Mimi ni dereva, naendesha ya tajiri. Shemeji akisema italeta hesabu kila siku hadanganyi, ila kuna siku za gereji, kuna leseni, bima, tairi, na kuna dereva ambaye leo anakwambia abiria hakuna. Ikifika mwaka wa nne unaanza kufikiria kuiuza, na bei unayopata haifiki nusu ya uliyonunulia. Mtoto atakuwa na miaka 12 tu, bado anarefuka.

Kama kweli anataka biashara hiyo, achukue ya mkataba. Analeta hesabu kwa tajiri mpaka mkataba uishe, chombo kinakuwa chake. Wengi tumeanzia huko bila kugusa mtaji wa mtu. Mkataba uandikwe lakini, na mashahidi wawepo.

Fundi wa Mbagala:

Karani, Mungu akulipe. Hilo la gharama zetu kuandikwa kando sikuwahi kulifikiria. Na ndugu yangu wa bajaji, maneno yako nitamsomea kama yalivyo, wewe atakusikiliza kuliko mimi. Swali la pili bado: iwekwe wapi?

Mama Watatu Tabata:

Dada, igawe kulingana na muda itakaohitajika. Kliniki na kuondoa vyuma ni mambo ya karibuni, kiasi cha hayo kiweke benki akaunti ya muda maalumu, mwaka mwaka, saini zenu wawili. Mmoja peke yake asiweze kutoa.

Ya mbali ndiyo itafutiwe mahali pa kukua. UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto tangu 2008; unanunua vipande, yaani sehemu ya mfuko, na vinaandikwa kwa jina la mtoto. Ofisi yao kuu iko Sukari House, pale mjini. Thamani ya kipande inapanda na kushuka, hiyo waelewe wote wawili mapema. Nyingine ni hati fungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali, zinazouzwa na Benki Kuu: kuanzia milioni 1, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Ipo ya miaka 10. Binti ana 8. Itakapoiva ana 18. Mwonyeshe baba hesabu hiyo, maana hoja yake kwamba pesa ikilala inapungua nguvu ni ya kweli, anahitaji jibu si lawama.

Na cheti cha kuzaliwa mnacho? Popote mtakapotaka jina la mtoto lisomeke watakiuliza. Kama hamna, anzieni RITA, ofisi inayosajili vizazi.

Mzee wa Buguruni:

Binti yangu, umesema mtoto anasoma madrasa, basi mwambie baba yake afungue Suratun Nisaa, aya ya 6. Inazungumzia yatima, naye hajawa yatima, lakini adabu ya kushika mali ya mtoto imo humo. Mlezi mwenye uwezo ajizuie, mwenye shida achukue kwa kadiri inayokubalika, na siku ya kumkabidhi mwenyewe mali yake waitwe mashahidi. Kwangu mimi hao mashahidi ndio mpango mzima: mtu anayejua kwamba ipo siku atakabidhi hadharani huandika kila shilingi. Nunueni daftari. Wifi na mama mkwe nao waonyeshwe kwamba lipo, watapunguza maombi.

Fundi wa Mbagala:

Nimeongea naye jana baada ya isha. Nilianza na lile la Karani, kwamba tuwaambie bima walipe na usumbufu wake. Alinyamaza, kisha akaenda kutoa bahasha ya risiti juu ya kabati, sikujua kama amezitunza. Tumekubaliana kwenda MOI kuomba ripoti kabla ya kusaini chochote. La bajaji hajaliacha, ila amechukua namba ya mtu mwenye chombo cha mkataba Zakhem.

Anauliza hivi: nauli za bajaji na bodaboda tulizompeleka nazo mtoto kliniki hazina risiti. Zinahesabika?

Karani Mstaafu:

Zinahesabika kama zinaaminika. Chukueni kadi ya kliniki, kila tarehe iliyogongwa muhuri andikeni pembeni mlitoka wapi, mlipanda nini, mlilipa ngapi. Nauli ya Mbagala hadi Muhimbili inajulikana, hakuna wa kuwabishia. Msiongeze hata mia. Kwa siku ambazo hakwenda kazini apate barua ya anayemlipa, au kama anajiajiri, barua ya serikali ya mtaa ikieleza kazi anayofanya. Orodha hiyo isainiwe na nyote wawili, nakala moja mbaki nayo, na muipeleke pamoja na ripoti mpya ya daktari, zisitangulizane. Wakikataa kutenganisha mafungu, au wakikomalia milioni 23 ileile, nendeni TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, mpate msaada wa kisheria bila malipo, mkiwa na ile fomu isiyosainiwa mkononi.