Gia boksi imeshushwa mara mbili, kumbe oili yavujia juu!

Ndugu zangu wa Mombasa wenye magari ya zamani, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nina Eunos Roadster (ndiyo Mazda MX-5 ya soko la Japani) ya 1991, injini ya 1.6, naitunza kama mboni ya jicho. Miezi miwili nyuma nikaanza kukuta oili chini kila nikiiegesha nyumbani Tudor. Tone tone, pale injini inapokutana na gia boksi. Nikaipeleka gereji moja, jina naliacha. Fundi akainama, akamulika na simu, hata dakika tano hazikwisha: "Bosi, hii ni sili ya nyuma ya krenkshafti. Lazima gia boksi ishuke." Yaani ule mpira unaozuia oili pale krenkshafti, mhimili mkuu wa injini, inapotokea nyuma kwenye gia boksi.

Wenye gari hizi mwajua hiyo ni kazi gani. Kuna fremu ndefu ya aluminiamu inayoshika gia boksi na difu (gia za magurudumu ya nyuma) pamoja; haina budi kufunguliwa, na lazima irudishwe kwa vipimo vyake. Propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, nayo itoke. Nikalipa shilingi 18,000 za ufundi, sili kando. Siku nne gari juu ya stendi. Nikairudisha nyumbani, asubuhi oili i pale pale! Fundi akasema sili niliyonunua ni feki, ninunue nyingine, ishuke tena. Nikalipa tena 18,000. Ikavuja tena.

Jumapili moja nikaishika mwenyewe. Nikasugua injini kwa brashi na parafini, nikaikausha vizuri, nikapaka poda ya mtoto nyuma ya silinda hedi mpaka chini kwenye gia boksi, ili oili ikipita iache alama. Nikaenda Mtwapa na kurudi. Ilipopoa nikaingiza tochi na kioo kidogo. Mstari wa oili ulianzia juu kabisa, chini ya sensa ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu), nyuma ya hedi, upande wa ule ukuta wa dashibodi. Sensa hiyo ina ringi moja ya mpira, na joto la miaka zaidi ya 30 limeifanya ngumu kama plastiki. Oili yateremka mgongoni mwa injini, inakuja kudondoka mahali pale pale ambapo sili mbovu ingedondosha.

Ringi mpya shilingi 120! Bolti moja, spana namba 12. Kabla ya kufungua nilichora alama sensa ilipokaa, maana ndiyo inayopanga taiming, yaani wakati plagi zinapopiga cheche. Ikizunguka kidogo tu, taiming imehama. Ya kiwandani ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Nafasi ni finyu, vidole vimechubuka, lakini saa moja ilitosha. Wiki tatu sasa kadibodi ninayotandika chini ni kavu.

Fundi yule hakuosha injini hata mara moja. Gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), ambayo mtu yeyote huanza nayo, hakuitazama. Atajuaje oili yatoka wapi na injini yote imeroa? Na ile fremu kairudisha ovyo: nikifika kilomita 80 gari latetemeka, jambo ambalo halikuwako.

Nimemtumia picha ya ringi kuukuu na ya kadibodi kavu. Amesoma, hajajibu. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Nataka shilingi 36,000 zangu zote, na huo mtetemo utengenezwe na fundi mwingine, kwa pesa yake yeye.