Tezi za shingo zimevimba, wamesema ni ugonjwa wa Kikuchi, nani anaujua?

Wadau naombeni msaada, mdogo wangu wa kike ana miaka 24, tezi zimemvimba shingoni upande mmoja kama maharage yamepangana, ukizigusa zinauma, homa wiki ya tatu sasa haikati, tulishajua ni kansa, wakachukua kinyama wakapima wakasema ni Kikuchi sio kansa. Kweli unaisha wenyewe??

*Jibu:* Pole sana dada. Niliupata mimi, unaisha wenyewe kweli, mara nyingi mwezi 1 mpaka 4. Nilipewa dawa za homa na maumivu tu, antibayotiki hazikunisaidia kitu. Madaktari wa Japani ndio waliuelezea kwanza 1972, na unawapata zaidi wanawake vijana

*Jibu:* Nakazia, ila msiache kliniki. Wachache unawarudia na wengine baadaye wanapata lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), kwa hiyo apimwe damu, akiona vipele usoni au viungo vinauma awahi. Na kupima kinyama mlifanya la maana sana, kwa macho tu huwezi kuutofautisha na limfoma (kansa ya tezi) au TB ya tezi

*Muuliza:* Asanteni mno jamani, nimemsomea hapa kitandani kalia kwa furaha