Mwanangu ana matege: nimpeleke kwa mkandaji au nisubiri?

UaLaLangoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Niko Lamu. Binti yangu bado mdogo, ana matege. Alianza kutembea na miezi tisa, kila mtu mashallah. Sasa mguu wa kushoto umepinda kama upinde na vidole vinatazama ndani. Bibi yake kampata mkandaji, anachua kwa simsim na kufunga banzi. Ijumaa anatungoja. Nimpeleke, au atanyooka mwenyewe? Usingizi sipati.

PundaMweupe: Garrincha wa Brazil miguu yake ilipinda, na Kombe la Dunia akachukua 1958 na 1962. Mlete timuni kwetu 😀

BiMkubwaShela: Watoto hamuwatoi juani, mwawafungia ndani na katuni! Mimi nimezaa saba, wote mgongoni kwa mbeleko, hana matege hata mmoja. Wa nne tu ndiye alinitesa, mwaka na nusu hajasimama. Nikamfukia miguu kwenye mchanga wa pwani alfajiri siku saba. Leo ni nahodha.

NesiWaPwani: Dada, ana umri gani?

UaLaLangoni: Mdogo tu, hajaanza shule.

NesiWaPwani: Miaka na miezi, mamangu. Na kilo. Matege ya kawaida hunyooka yenyewe mtoto akikaribia miaka miwili, ndiyo maana nauliza.

UaLaLangoni: Miaka mitatu na miezi saba. Kilo 22. Daktari alimpiga eksirei kabla ya Ramadhani, akaandika barua twende Mombasa kwa daktari wa mifupa. Sikwenda. Msinihukumu. Baba yake yuko safarini, na mama mkwe asema mwanawe alikuwa hivyo hivyo na leo abeba magunia. Daktari alitaja kisu. Mkandaji hakati mtu.

NesiWaPwani: Siwezi kumpima kwa simu, ila uliyoyataja yananitia wasiwasi. Kuna ugonjwa wa Blount, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeueleza 1937. Huwapata sana watoto waliowahi kutembea, wazito, wenye asili ya Afrika, na wengine huwa na jamaa aliyepinda vilevile. Upande wa ndani wa muundi, chini tu ya goti, pana sehemu laini inayourefusha mfupa. Uzito ukiilemea inachelewa, upande wa nje unaendelea kukua, mguu unapinda. Banzi ya mkandaji haifiki huko. Bi mkubwa, matege ya kukosa jua hupinda kwa kawaida miguu yote miwili, na vifundo vya mikono huvimba. Dada, vyuma vya kunyooshea husaidia zaidi kabla ya miaka mitatu. Mfupa ukikatwa na kunyooshwa kabla ya minne, mguu mara nyingi hukaa. Akichelewa, huweza kupinda tena. Una miezi mitano.

Fununu: Tungo hii. Mwanzo "mdogo", mara eksirei, mara barua. Kila akiulizwa anaongeza.

BiMkubwaShela: Hata mimi najiuliza. Mama gani akae na barua ya daktari?

UaLaLangoni: Kandambili yake ya kushoto ninayo mkononi. Ukingo wa nje umelika, kidole changu chapita. Nikimsimamisha vifundo vigusane, kati ya magoti vinapita vidole vyangu vinne. Akitembea goti linachomoka nje kila hatua, mimi nageuza uso. Barua iko chini ya leso zangu kabatini. Niite mwongo, lakini nijibuni kuhusu mtoto.

Fununu: Nisamehe, dada.

NesiWaPwani: Ijumaa hiyo iwe ya Mombasa. Beba barua na eksirei.

UaLaLangoni: Mama mkwe sijamwambia. Na Mombasa sijawahi kwenda peke yangu na mtoto.

PundaMweupe: Dada, mimi nabeba mizigo gatini Mokowe. Ukishuka kwenye boti niulize, mtoto nitambeba mwenyewe hadi kwenye basi.

UaLaLangoni: Boti ya kwanza ni saa ngapi?

PundaMweupe: Alfajiri. Swali uje.